Kaskazini mbili ndani ya simuleta ya ndege: kwa nini geji na ramani hazisomi namba moja

Ndege ndogo imesimama mwanzo wa njia ya kurukia namba 16 kwenye uwanja wa Seattle-Tacoma, pua imelala sawasawa juu ya mstari wa katikati. Geji ya uelekeo inasoma kama 164. Programu ya ramani iliyofunguliwa kwenye skrini ya pili inasema 180. Hakuna kilichoharibika. Njia hiyo imechorwa karibu kabisa kwa mstari wa kaskazini-kusini wa kijiografia, na sumaku ya dunia mahali pale huvuta sindano ya dira nyuzi 15 au 16 kuelekea mashariki. Ramani imepima kutoka kwenye ncha ya dunia, geji imepima kutoka kwenye sindano.

Kaskazini halisi ni pale mistari yote ya longitudo inapokutana. Kaskazini ya sumaku ni upande sindano inakoelekea, nayo sindano haijui longitudo; hufuata uga wa sumaku unaozalishwa na chuma kilichoyeyuka kwenye kiini cha nje cha dunia. Pembe iliyopo kati ya pande hizo mbili, mahali ulipo, ndiyo tofauti ya sumaku. Huandikwa kwa nyuzi na herufi: E kama sindano imevutwa mashariki, W kama imevutwa magharibi.

Kuna jambo ambalo miongozo mingi hulipita kimya, na kwangu ndilo ufunguo wa habari yote: ndani ya simuleta hakuna sumaku. Programu huijua ndege kwa latitudo, longitudo, kimo na uelekeo halisi. Namba ya sumaku hupatikana baadaye, kwa kuchukua uelekeo halisi na kuutoa au kuujumlisha na thamani iliyosomwa kwenye jedwali. Na jedwali si moja. Simuleta ina lake, hifadhidata ya urambazaji ina lake, kila kituo cha VOR (redio ya ardhini ya kuongozea ndege) kina thamani yake, na ndege kubwa za kununua mara nyingi huja na jedwali lao ndani ya mfumo wa inesha, ule unaojua mahali na uelekeo kwa kuhisi mwendo wa ndege yenyewe. Kwa hiyo mbele ya kila namba kuna mambo mawili ya kuuliza: imehesabiwa kutoka kaskazini ipi, na kwa jedwali la mwaka gani?

Hesabu yenyewe

Ukitoka halisi kwenda sumaku, magharibi jumlisha, mashariki toa. Ukirudi, geuza. Seattle: 180 halisi, tofauti kama 16E, unapata 164. New York, njia ya 04L ya uwanja wa JFK: 31 halisi, tofauti 13W, unapata 44. Cape Town ndiyo mfano unaowapa watu shida zaidi, kwa kuwa tofauti ya pale inakaribia 26W. Njia namba 01 ya uwanja huo inaelekea karibu 345 halisi, yaani upande wa kushoto wa kaskazini, ilhali jina lake linadai iko kulia. 345 na 26 ni 371. Ondoa 360, inabaki 11. Hapo ndipo jina 01 lilipotoka, kwa kuwa njia za kurukia hupewa jina kwa uelekeo wa sumaku uliokadiriwa kwenye kumi iliyo karibu, kisha sifuri ya mwisho ikaachwa.

Kosa la alama ni baya kuliko kusahau kabisa. Aliyesahau tofauti ya nyuzi 15 anakosea nyuzi 15. Aliyejumlisha mahali pa kutoa anakosea 30. Kwa kipimo, kosa la nyuzi 1 hukupeleka pembeni karibu maili 1 ya baharini kwa kila maili 60. Nyuzi 15 zitakuacha zaidi ya maili 15 kutoka ulikotaka kufika, na kwenye ndege isiyo na GPS huo ni uwanja ambao hutauona.

Jedwali linazeeka

Ncha ya sumaku haitulii. James Clark Ross aliifikia mwaka 1831 kwenye rasi ya Boothia, kaskazini mwa Kanada. Tangu hapo imevuka Bahari ya Aktiki na sasa iko njiani kuelekea upande wa Siberia. Mwaka 2019 kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi zilikutana pale Greenwich kwa mara ya kwanza baada ya miaka 360 hivi. Seattle nako tofauti imepungua kwa nyuzi kadhaa tangu miaka ya 1990.

Kwa sababu hiyo Marekani na Uingereza hutoa kwa pamoja Modeli ya Sumaku ya Dunia kila miaka 5. Toleo la 2015 ilibidi lifanyiwe marekebisho mapema, Februari 2019, kwa vile ncha ilikuwa inakimbia kuliko ilivyotabiriwa, na toleo la 2025 lilitoka Desemba 2024. Simuleta ya FlightGear ina modeli hii ndani ya programu yenyewe na huhesabu tofauti papo hapo. Ukoo wa simuleta za Microsoft, Flight Simulator X (FSX) ikiwemo, husoma faili iitwayo magdec.bgl, thamani zilizomo hubaki zilivyo mpaka faili ibadilishwe. Anayerusha FSX na faili ya awali huku mkononi ana ramani ya mwaka huu ataona njia ya kurukia inasoma nyuzi mbili tatu pungufu au zaidi ya iliyochapishwa. Dawa ni kubadilisha magdec.bgl. Kuhariri uwanja hakusaidii, maana kwenye faili ya uwanja njia imehifadhiwa kwa uelekeo halisi, nao haukubadilika.

Majina ya njia hubadilika pia. Stansted ilitoka 05/23 ikawa 04/22 mwaka 2009, Tampa ilipaka upya njia zake mwaka 2011, na Fairbanks ilifanya hivyo 2009. Ndani ya simuleta hii huleta hitilafu inayowachanganya wengi. Hifadhidata ya urambazaji hufuata mzunguko wa siku 28 na tayari ina jina jipya, mandhari ya uwanja bado ina la zamani. Matokeo yake kompyuta ya safari haikubali njia uliyoichagua, au mnara wa simuleta unakupa ruhusa ya kutua kwenye namba ambayo haijaandikwa popote kwenye lami. Angalia kwanza tarehe ya vitu hivyo viwili kabla ya kusakinisha ndege upya.

Kila chombo na kaskazini yake

Dira ya maji, ile iliyo juu ya dashibodi, husoma sumaku na kujumlisha udhaifu wake. Chuma na nyaya za ndege huipotosha kidogo; huo ni mkengeuko wa dira, na kadi ndogo iliyobandikwa chini yake inaeleza kiasi kwa kila uelekeo. Usiuchanganye na tofauti ya sumaku: tofauti ni ya mahali, mkengeuko ni wa ndege. Ukigeuza ndege au kuongeza kasi, dira hudanganya, kwa sababu uga wa sumaku huinama kuelekea ardhini kadiri unavyokaribia ncha. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, ukianza kukata kona kutoka uelekeo wa kaskazini dira huchelewa, na kutoka kusini hutangulia. Nusu ya kusini mambo hugeuka. Isome ndege ikiwa imenyooka, mabawa sawa, kasi haibadiliki.

Geji ya jairo, yaani ya gurudumu linalozunguka kwa kasi, haijui kaskazini yoyote. Hushika ile uliyoipa, kisha huipoteza polepole: mzunguko wa dunia peke yake huisogeza nyuzi 15 kwa saa ukizidisha na sine ya latitudo, yaani sifuri kwenye ikweta na zaidi ya nyuzi 10 kwa saa kwenye latitudo ya 45. Ongeza msuguano wa fani zake. Ndiyo maana husawazishwa na dira kila dakika 15. FSX na Microsoft Flight Simulator ya 2020 hutumia kitufe D kwa kazi hiyo. Mtu akikuambia geji yake ilikuwa sawa wakati wa kupaa na nusu saa baadaye otopailoti inapita pembeni ya mstari, anza hapa. Jairo la HSI (geji inayoonyesha uelekeo na kozi pamoja) lenye kihisi cha sumaku bawani hujisawazisha lenyewe, na skrini za kisasa kama Garmin G1000 hufanya hivyo kwa magnetomita.

VOR ina siri yake. Radiali, yaani mstari wa uelekeo unaotoka kituoni, ya 360 ilielekezwa kaskazini ya sumaku siku mafundi walipokipanga kituo, na kituo hakigeuzwi kila mwaka. Baada ya miaka mingi radiali zake zimebaki nyuma ya uga kwa nyuzi kadhaa. Ndiyo sababu unaweza kuruka juu ya mstari uleule huku GPS ikiandika 092 na sindano ya VOR ikitulia katikati kwenye 089. Vyote viwili vinasema kweli: GPS imetumia tofauti ya leo, kituo kinatumia ya siku kilipopangwa. Hifadhidata nzuri huhifadhi thamani ya kila kituo peke yake. Kwenye simuleta ya X-Plane imo ndani ya safu ya kituo katika earth_nav.dat, na Microsoft huitoa kwa jina NAV MAGVAR. Ukitengeneza kituo chako ukaacha sifuri pale, radiali zote zitageuka kwa kiasi chote cha tofauti ya mahali hapo, na utatafuta kosa kwenye geji bure.

Zingatia pia kwamba VOR haijali pua yako inaelekea wapi. ADF, redio inayoonyesha upande wa kituo cha NDB, inajali. Sindano ya ADF hupima pembe kutoka kwenye pua, na wewe ndiye unayeijumlisha na uelekeo kupata upande wa kituo. Jairo likiwa limepotea nyuzi 8, kila upande unaoupata kutoka NDB umepotea nyuzi 8, hata kama kituo na redio ni vizima.

ILS, mfumo wa redio wa kuongozea kutua, ina nafuu. Boriti ya lokalaiza, inayoonyesha kushoto na kulia, imefungwa kwenye njia ya kurukia yenyewe, na sindano ikiwa katikati uko kwenye mstari hata uandike namba gani. Kuzungusha kozi kwenye HSI hupanga picha ikae sawa machoni, na baadhi ya otopailoti huitumia kukadiria wapi pa kugeukia. Kozi ikiwa imekosewa nyuzi 15, otopailoti hizo huingia kwenye boriti kwa kuyumba kushoto na kulia.

GPS huanzia upande mwingine kabisa. Hupata mahali ulipo, ikalinganisha na mahali ulipokuwa, na njia inayopata ni ya kaskazini halisi. Kisha huchukua tofauti kutoka jedwali lake ili ikuandikie namba ya sumaku. Kwenye G1000 kuna mpangilio uitwao NAV ANGLE katika ukurasa wa mipangilio ya mfumo. Ukiuweka TRUE, namba hupata herufi T pembeni. Mtu akiuacha hivyo bila kujua, namba za GPS na za geji ya sumaku zitatofautiana kwa kiasi kilekile karibu safari nzima. Hiyo ndiyo dalili ya kutofautisha: tofauti isiyobadilika ni suala la kaskazini, tofauti inayokua ni jairo, na tofauti inayobadilika kwa upepo si kosa hata kidogo, kwa kuwa pua ya ndege na njia yake juu ya ardhi ni vitu viwili.

Mfumo wa inesha wa ndege kubwa nao huhisi mzunguko wa dunia na kupata kaskazini halisi bila sumaku yoyote. Namba ya sumaku kwenye skrini ya rubani imetoka kwenye jedwali lililo ndani yake. Ndege ya simuleta iliyotengenezwa kwa uangalifu huiga hilo, na jedwali lake likiwa la zamani kuliko la simuleta, uelekeo wa skrini kuu na ule wa dira ya akiba hupishana nyuzi moja au mbili ukiwa bado umeegesha.

Upepo

Hapa marubani wa simuleta hukosea kimyakimya kuliko popote. Upepo ulioandikwa kwenye METAR (ripoti ya hali ya hewa ya uwanja), TAF (utabiri wa uwanja) na utabiri wa anga za juu ni wa kaskazini halisi. Upepo unaosomewa redioni na mnara au ATIS (rekodi ya taarifa za uwanja) ni wa sumaku, ili ulingane na namba ya njia. Vile vile vibadilika vya simuleta: AMBIENT WIND DIRECTION ya Microsoft ni halisi, na X-Plane huweka alama degt kwenye jina.

METAR ya Seattle ikisema 20020KT, yaani upepo kutoka 200 kwa noti 20 (maili 20 za baharini kwa saa), anayeilinganisha moja kwa moja na 164 anapata pembe ya nyuzi 36 na upepo wa ubavuni wa noti 12 hivi. Kwa kweli pembe ni 20, kati ya 200 na 180, na upepo wa ubavuni ni noti 7. Kwa ndege ndogo hiyo ni tofauti ya kutua au kwenda kwingine.

Kupanga safari kwa mkono kuna mpangilio usiopaswa kuvurugwa: kozi halisi kutoka ramanini, kisha upepo, kisha tofauti ya sumaku, mwisho mkengeuko wa dira. Chukua kozi halisi ya 075, mwendo hewani noti 110, upepo wa 060 kwa noti 30, tofauti 13W. Upepo unadai nyuzi 4 kushoto: 071 halisi, 084 ya sumaku. Aliyeigeuza kozi kwanza ikawa 088, kisha akaweka upepo wa 060 bila kuugeuza, atatoa nyuzi 7 na kupata 081. Nyuzi 3, maili 3 kwa kila maili 60, na hakuna kitu kwenye karatasi kinachomwonya.

Kwenye safari ndefu kuna sababu ya tatu ya namba kusogea. Njia fupi kutoka JFK kwenda Heathrow huanza kama 51 halisi na kumalizika karibu 108, kwa sababu inakata longitudo kwa pembe tofauti kila hatua. Kwa sumaku ni kama 64 mwanzoni na 107 mwishoni. Usitumie tofauti ya uwanja wa kuondokea kwa safari nzima. Pima kila kipande katikati yake.

Karibu na ncha

Juu kaskazini mwa Kanada tofauti hubadilika haraka mno na sindano huvutwa chini zaidi ya pembeni, hivyo anga hiyo hutumia kaskazini halisi kwa kila kitu: njia za kurukia, radiali za VOR, kozi za ramani. Njia za kurukia huandikwa na herufi T mwishoni. Boeing 747, 777 na 787 zina swichi ya NORM na TRUE kwa kazi hiyo. Ukiruka huko kwenye simuleta na ndege ndogo, sahau dira, weka jairo kwa uelekeo halisi wa njia ya kurukia kabla ya kupaa, na weka GPS kwenye TRUE. Kanada imependekeza urambazaji wote wa anga duniani uhamie kaskazini halisi, na kwa vile ndege nyingi za leo huanza na halisi kisha zikaibadilisha, hoja yao ina uzito.

Kwa wanaotengeneza geji

Microsoft hutoa PLANE HEADING DEGREES TRUE na PLANE HEADING DEGREES MAGNETIC, na licha ya neno DEGREES thamani ya kawaida huja kwa radiani usipotaja kipimo. Hizi ni thamani kamilifu. Kwa geji ya jairo tumia HEADING INDICATOR, na kwa dira WISKEY COMPASS INDICATION DEGREES, la sivyo umeondoa makosa ambayo chombo halisi kinayo. FlightGear ina orientation/heading-deg ambayo ni halisi na heading-magnetic-deg, na otopailoti yake ya kawaida ina sehemu mbili tofauti, heading-bug-deg ya sumaku na true-heading-deg. X-Plane ina psi, true_psi na mag_psi; psi hupimwa kutoka mhimili wa picha, kwa hiyo kwa hesabu za urambazaji chukua true_psi.

Ramani inayotembea izungushwe kwa uelekeo halisi, kwa kuwa imechorwa kwa longitudo, hata kama namba iliyo juu yake ni ya sumaku. Ukiizungusha kwa sumaku, pale JFK njia yote ya kurukia itaonekana imeinama nyuzi 13 mbele ya pua ya ndege.

Alama ya mashariki na magharibi haikubaliwi na wote, basi usiiamini mpaka uipime. Egesha Seattle, soma tofauti. Kama ni chanya, mashariki ni chanya kwenye mfumo huo. Kisha hamia JFK, njia 04L, upate 31 na 44. Malizia Cape Town, njia 01, kwa sababu ni hapo tu jibu linavuka 360: geji ikionyesha 371, au ikazunguka dira nzima kinyume ili kutoka 359 kufika 1, umesahau kurudisha hesabu ndani ya duara.